Gitaa na Sauti ya Kalunde

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba, na Bwana akutunze huko Dar. Yale mafua yamekwisha? Huku Tabora tu wazima, bibi yako yuko kwenye karanga zake na anakusalimu.

Umeniuliza ununue nyuzi gani na sumaku gani za kunasa sauti ya gitaa, maana mnashusha tyuni, yaani mnalegeza nyuzi, ili mwimbaji wenu afikie noti. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu na bado nachanganyikiwa.

Ujanani nilipiga gitaa la umeme kwenye kwaya. Kalunde, mwimbishaji wetu, alikuwa na sauti nzito, basi nikalegeza nyuzi zilezile nyembamba. Zikakoroma. Nikalaumu sumaku za kunasa sauti, nikazisogeza karibu na nyuzi, ikawa mbaya zaidi. Jumapili nikarudisha tyuni ya juu bila kumwambia. Sauti ikamkatikia mbele ya kanisa zima.

Nje akaniambia, "Kaka, Mungu kanipa sauti hii. Wewe huna hata nyuzi nene?"

Nilikuwa nazo mfukoni mwa gitaa. Niliona uvivu tu kuzibadilisha.

Nikazifunga siku ileile, nikashusha sumaku kidogo, gitaa likatulia kabisa. Kalunde hakurudi kuimba.

Kwa hiyo anza na nyuzi nene. Sumaku zishushe kwanza, kununua baadaye. Zaidi ya hapo sijui, mwanangu. Hata kwa nini sikumwambia Kalunde, sijui.

Nijibu mapema, uniambie kama huyo mwimbaji mmemuuliza sauti yake inafika noti ipi.

Babu yako, Tabora