Maziwa kwenye Uji

Bwera, Jumanne, 2016

Kumbe alikuwa ananitilia maziwa kwenye uji tangu mwanzo.

Mama mkwe alisema mwenyewe leo, akicheka, mbele ya mume wangu na askari wenzake hapa kambini. "Hii ugonjwa iko kwa kichwa. Maziwa ulikuwa unakunywa kila siku, na haukufa."

Sikufa, lakini chakula kiliendelea kunikwama kifuani. Daktari anayefanya utafiti wa ugonjwa huu kule Kasese alinikataza maziwa ili ajue kama ndiyo yanayovimbisha umio wangu, njia ya chakula. Aliposhusha tena kooni mpira wenye kamera alikuta uvimbe uleule, akaamua kwamba maziwa hayana kosa. Badala yake akanikataza mayai na ngano. Nimekonda hadi pete inanichopoka kidoleni.

Nilimpigia daktari simu nikamweleza. Akasema ananiondoa kwenye utafiti, maana majibu yangu hayaaminiki tena.

Mume wangu alinikuta nikilia. "Mama alikuhurumia," akasema. "Sasa kuja ukule."

Tonge la kwanza la ugali wa muhogo lilikwama. Niliwaangalia yeye na mama yake nikishindwa kupumua vizuri. Wakaendelea kula.