Ugali wa Buruburu

Jumapili

Na bado nimeshiba. Daktari alisema ugali usizidi ngumi yangu, mboga ziwe nyingi, na nitembee kila siku. Kutembea nimetembea, kutoka mtaa wa Fedha hadi Buruburu kwa miguu, nikijisifu njia nzima.

Kwa Wekesa, kaka ya mke wangu, nilijikatia kipande kidogo. Mkewe akaitazama sahani, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji, ugali yangu leo ina makosa?"

"Hapana, mama. Ni daktari."

"Daktari ndiye atakula hii kuku?"

Wekesa akacheka. Akanikatia kipande kama tofali, akanisogezea na firigisi, maana kwetu Waluhya mkwe haondoki bila kuila. Kisha akajikatia kingine sawa na changu, kwa sababu mwenye nyumba hamwachi mgeni ale peke yake.

Nilikula. Nina miaka hamsini na miwili na bado naogopa uso wa shemeji kuliko sukari yangu. Jumatano napimwa tena. Sijui nitamwambia daktari nini.

Nilipoenda kunawa mikono, niliona bahasha ndogo ya dawa juu ya sinki. Ni tembe zile zile za sukari ninazomeza asubuhi na jioni. Jina lililoandikwa kwa kalamu ni la Wekesa.

Niliporudi mezani, alikuwa ameshanikatia kipande kingine, na chake amekiweka tayari.

Tulikula.