Kabla Mtutu Haujapoa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza visirani vyake na usingizi umerudi. Huku hatujambo. Mkweo anakusalimu, na wajukuu wako wanakula kama nzige. Mimi ni sauti tu imekauka. Makuruta wanaziba masikio wasiumizwe na mlio wa risasi, halafu wanalalamika kwamba mkufunzi haongei.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeniambia nimekuwa na roho ya jiwe, kwamba mdogo wangu Kitinda amerudi nyumbani hali, hanywi, na kwamba damu nzito kuliko maji. Unaniomba nimwandikie kwamba amefaulu, aanze kazi ya ulinzi benki kama wenzake. Yeye amekwambia nilimpa bastola yenye moto kama pasi na nikamweka wa mwisho makusudi ili nimkomoe. Mama, sitakujibu kwa hasira. Nitakueleza taratibu, kwa sababu jambo lenyewe ni la joto, na joto halitaki papara.

Bastola ikipigwa mfululizo, mtutu wake unapata moto. Nasi bastola hatuna za kutosha. Wanafunzi kadhaa wanashika moja kwa zamu, kwa hiyo anayefuata anaipokea na joto la wenzake. Ndiyo maana nina desturi yangu pale uwanjani. Mtu akimaliza, anatoa risasi zote, anaiacha imefunguliwa juu ili hewa ipite, anailaza mezani ikitazama tuta la mchanga, kisha anarudi nyuma. Nasogeza kiganja karibu na mtutu bila kuugusa. Nikihisi moto nasema inapumua, na wote tunakwenda kukaa kwenye benchi. Hakuna kumwagia maji, hakuna kuifunga kitambaa kibichi. Makuruta wananicheka eti tunamsubiri bibi harusi amalize kuvaa.

Mkuu wa chuo chetu cha ulinzi hapendi kusubiri huko. Wanafunzi wamempa jina la Sasa Hivi, maana hana neno jingine. Siku ya mtihani alikuja akaniuliza kama nafundisha ulinzi au napika maharage. Nikamwambia maharage mabichi yanaumiza tumbo tu. Alicheka, akaenda pembeni kuongea na simu yake.

Kitinda alikuwa wa mwisho kwa sababu orodha hupangwa kwa bahati nasibu, na yeye mwenyewe ndiye aliyechomoa karatasi yake. Hilo hakukwambia. Nilisubiri bastola ipoe nikampa ikiwa na uvuguvugu tu. Akasimama vizuri, Mama. Nilimwona kichogo kile nilichokuwa nikikinyoa akiwa mdogo, nikajisikia fahari hata machozi yakanilengalenga. Akapiga shabaha sawasawa. Alama alizipata zote zinazotakiwa, na nyingine za ziada. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba joto lilimpotezea risasi. Kwa umbali ule, joto la mtutu haliisumbui risasi kiasi hicho. Linausumbua mkono.

Tatizo ni kwamba alipiga haraka haraka, akitaka wenzake wamsifu. Mtutu ukachemka upya mikononi mwake. Nikamwambia asimamishe, atoe risasi, tupumzike kabla ya kumaliza. Akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi. Kisha, badala ya kushika nyuma ili avute na kuitoa risasi iliyobaki ndani, akashika mbele, karibu na mdomo wa mtutu. Kosa hilo hulifanya wenye haraka peke yao. Moto ukamchoma vidole.

Yaliyofuata sijamwambia mtu, hata mkweo.

Kitinda aliruka, akanigeukia kunilalamikia kwamba inaunguza. Aligeuka nayo, Mama. Mdomo wa bastola ulitua kifuani pangu, risasi ikiwa bado ndani na kidole chake kikiwa kwenye kifyatulio. Wenzake walikuwa nyuma ya ukuta wa mbao wakipiga soga, na Sasa Hivi alikuwa ametupa mgongo. Nilisema polepole, kwa sauti ile niliyokuwa nikimbembelezea alale, kwamba mdogo wangu, geukia tuta. Akageuka. Nikaichukua, nikaitoa ile risasi mwenyewe. Yeye alikuwa anapuliza vidole vyake. Mpaka leo nadhani hajui alichokaribia kufanya, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Nilibaki nikiwaza kwamba ningekufa kwa mkono wa mtoto niliyembeba mgongoni, na wewe ungezika mmoja na kumtembelea mwingine jela.

Sasa sikia aibu yangu. Sheria yetu ni kwamba mtu akielekeza bastola kwa mwenzake, hata ikiwa tupu, naandika lililotokea, na hakuna kampuni ya ulinzi itakayompokea tena. Mimi niliandika kwamba arudie mafunzo, basi. Kwa hiyo wewe na Kitinda mnaponiita katili, ukweli ni kwamba nimempendelea. Nimemfunika.

Ningeweza kuendelea kulificha. Lakini juzi mama mmoja kati ya makuruta, mjane mwenye pacha, alifanya kosa hilohilo, tena bastola yake ilikuwa tupu. Nikaandika yote bila kutetemeka. Alikusanya vitu vyake huku analia, akaniaga kwa heshima, akasema anajua natimiza wajibu. Nilitamani ardhi inimeze. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na mimi niliurusha kwa mtoto wa mwenzio huku nikimfichia wa kwetu.

Wewe ndiye uliyetulea na msemo wako wa mchelea mwana kulia. Basi usinililie, Mama. Kesho asubuhi naingia ofisini kwa Sasa Hivi kumweleza kila kitu. Kitinda hatashika bastola tena, na huenda na mimi nikatafuta kazi nyingine. Nilitaka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa Kitinda.

Mpikie, akae karibu nawe, na vidole umpake mafuta. Akikuuliza kwa nini dada yake amemfanyia hivi, msomee barua hii yote, usiruke mahali. Akitaka kunichukia, mwache anichukie. Nitakuwa hai kuchukiwa.

Nisalimie mama mdogo na majirani wote wanaoniulizia. Nakubusu mikono.

Ni mimi, kifungua mimba wako.