Ng'ombe Wangu na Ndege ya Stima

Wewe Wanjala, tangu Pasaka hujakanyaga kwangu, lakini kwa simu hunyamazi: "Nyanya, uza Zawadi ununue hisa za ile kampuni ya ndege ya stima." Zawadi ndiye ng'ombe aliyekusomesha, mjinga wewe! Haya, nimekuja Naivasha kuiona hiyo ndege isiyotumia mafuta, na shangazi yako ananiandikia hii kadi.

Nilimwambia rubani, "Kijana, kwetu ng'ombe hanunuliwi kabla hajakamuliwa mbele ya mnunuzi. Irushe nione."

Akacheka. "Mathe, si upande?"

Nikapanda! Juu ya ziwa ilikuwa kimya mpaka nikasikia tumbo la rubani likilia njaa, nikampa kipande cha nduma. Tukazunguka mara moja tu, akatua.

"Mbona haraka hivyo?"

"Ni betri, mathe. Kisumu bado haifiki."

Basi Zawadi haondoki. Nitauza ndama wake ninunue hizo hisa, maana ndege yako nayo bado ni ndama.

Kula vizuri, baba, hata kwenye picha umekonda. Na Krismasi uje na gambuti za kuingilia zizini: utamkamua Zawadi mbele yangu kabla hujanitajia hisa tena.

Nyanya yako