Kidole cha Mama

Litchfield, 9 Novemba 1796

Kwa Mjomba Asahel,

Sisi hatujambo. Matufaa tumeshakausha, na ng'ombe mwekundu kazaa.

Jumapili nilirudi kutoka kwa shangazi nikamkuta Bi. Lovisa, mke mpya wa Baba, yuko ukutani na gauni la marehemu Mama. Nikadhani umemchorea picha yake. Kumbe ni ile ile ya Mama. Umefuta uso, ukabandika wa Bi. Lovisa!

"Gauni lilikuwa bado zuri," Baba akasema. "Na mjomba wako mwenyewe kakubali."

Ulikubali, Mjomba? Dada yako wa tumbo moja? Picha nyingine ya Mama hatuna, na unajua. Huna haya hata chembe!

Ila kwa haraka zako ulisahau mkono. Kile kidole chake kilichopinda bado kipo. Mdogo wangu Dorcas alimjua Mama pichani tu. Zamani kila asubuhi alipanda kiti akambusu shavu. Siku hizi anabusu kidole.

Bi. Lovisa kakiona, kanuna. Baba anasema theluji ikiyeyuka utakuja kukinyoosha.

Njoo. Utamkuta Dorcas juu ya kiti. Mwambie ashuke wewe mwenyewe.

Mpwa wako, kwa bahati mbaya,
Mehitabel