Tangi la Barasa

Jumatatu, 9 Aprili 1979

Uji umeshika chini tena. Kosa langu, nilikuwa nje na madebe. Safari nne kutoka mfereji wa mtaa mpaka hapa kituoni kwa watoto, na mgongo wenyewe ndio huu. Watoto wa nasari wamekunywa hivyo hivyo, na moshi wake. Watoto hawana makuu.

Lakini siku za madebe zinahesabika. Leo Barasa na vijana wenzake wamemaliza kusimamisha tangi letu. Nguzo nne za mawe, kimo cha mtu na nusu, mbao nene juu, tangi la bati juu ya mbao, na mfereji wake umeshushwa chini. Wamejenga kwa kujitolea, chai yangu na mandazi tu. Mwenyekiti wetu, Mzee Salim, ametangaza sherehe ya wanaojitolea tarehe 28. Mgeni rasmi atafungua mfereji wa tangi, watoto waimbe wakiwa wamesimama chini yake, kivulini. Nimepiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Alhamisi, 12 Aprili

Mvua tangu jana. Nguzo ya upande wa choo ina ufa. Kucha inaingia. Nimeikwangua simiti kwa kisu changu cha vitunguu, ikamwagika kama unga wa mahindi. Tangu lini simiti ikamwagika?

Nimemuuliza Barasa. Kacheka, tena kwa fahari. "Mifuko ya simiti ilituishia nguzo ya tatu, mama. Tukaongeza mchanga ndio itoshe. Si tulijipanga?" Akasimama anasubiri sifa. Na mimi, ambaye mtaa mzima wa Majengo unajua mdomo wangu hauna breki, nikasema, "Mashallah, mwanangu."

Mashallah! Nimejichukia mpaka saa hii.

Jumapili, 15 Aprili

Pasaka ya Wakristo. Mama yake Barasa ametoka kanisani moja kwa moja mpaka kwangu, na sahani ya chapati imefunikwa kitambaa. Amelia. Miaka miwili mwanawe amekaa bila kazi, baba yake akimwita gogo mbele ya wageni. Mimi ndiye niliyemwambia kijana njoo kituoni ushike koleo. Sasa baba yake ameanza kumwita kwa jina. Siku ya sherehe atakuja, suti ameshaipeleka kwa dobi.

Nimwambie nini huyu mama? Kwamba kitu cha kwanza mwanawe alichojenga maishani ni kibovu? Chapati nimeshindwa kuzimeza.

Jumatano, 18 Aprili

Nimemleta Fundi Mutua, mwashi, jirani yangu. Amegonga nguzo kwa kifundo cha kidole. Amegonga tena. Kisha akasema: "Tangi tupu litakaa. Likijaa, sijui."

Nikamwomba amweleze Barasa. Kakataa katakata. "Mtoto wa watu amejitolea, mama, nije na pimamaji yangu nimkosoe? Mwambie wewe. Wewe ndiwe mama yake hapa."

Nikaenda kwa Mzee Salim. Anasema kadi za mwaliko zimeshatoka, nisiwavunje vijana moyo. Kila mtu anampenda Barasa, na hakuna anayemwambia. Waoga sote, na mimi wa kwanza.

Jumatatu, 23 Aprili

Wameunga bomba. Maji yanapanda kidogo kidogo, tangi limefika nusu. Ufa sasa unameza kidole cha shahada.

Watoto wamegundua kivuli. Wanacheza pale pale chini. Nimewafukuza kwa mwiko. Punde wamerudi. Nimewafukuza tena, uji ukafurika jikoni. Barasa kacheka mpaka machozi: "Mama, siku hizi umekuwa askari wa tangi?" Wote wakaangua kicheko. Jina limenishika, hata watoto wananiita Askari. Sikucheka.

Ijumaa, 27 Aprili

Mazoezi ya kuimba. Watoto wote chini ya tangi. Yule mdogo wao wa mwisho ameegemea nguzo mbovu, ananyonya kidole. Nimehesabu beti. Wimbo una beti tano, sijawahi kuona wimbo mrefu kama huo.

Baadaye nimemwita Barasa kando. Nimefungua mdomo kabisa. Alikuwa amevaa shati jipya, jeupe, amenunuliwa na baba yake kwa ajili ya kesho. Anaigusa kola kila mara. Nimemwambia limempendeza.

Mwenyezi Mungu anisamehe. Kuwaacha watoto wasimame pale na tangi limejaa, hapana. Kesho nitafanya jambo.

Jumamosi, 28 Aprili

Baada ya sala ya alfajiri nimekwenda kituoni peke yangu. Nimefunga bomba la kuingiza maji. Nimefungua mfereji wa tangi, maji yote yakaenda na mtaro. Nimesimama kando mpaka tone la mwisho.

Mgeni rasmi kaja, hotuba, makofi. Kashika mfereji. Mfereji ukakoroma. Tone moja. Watu wakacheka, na mtaa huu ukicheka unacheka kweli. Baba yake Barasa hakucheka. Aliinuka na suti yake akaondoka.

Barasa alikuwa amesimama tu, mikono inaning'inia. Nikamwambia pengine mfereji uliachwa wazi usiku, na maji ya mtaa hayakuwa na nguvu ya kupanda tena. Uongo mtupu, na macho makavu. Majina ya waliojitolea yakasomwa. Lake liliposomwa hakuwepo, alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Cheti chake nimekipokea mimi, nimekifunga kwenye kanga.

Watoto waliimba beti zote tano. Hakuna kilichoanguka. Nimefurahi, siwezi kujidanganya mwenyewe. Barasa nitamwambia yote Jumatatu, akishapoa.

Jumapili, 29 Aprili

Miguu imevimba. Sikutoka.

Binti yangu Zuhura anasema amempita Barasa njiani asubuhi, amebeba madebe mawili ya maji. Na alasiri amemwona tena, na madebe yale yale, jasho linamtoka. Labda mama yake anafua.

Jumatatu, 30 Aprili

Niandike nimalize.

Nilipoingia getini alikuwa chini ya tangi. Shati lile jeupe limelowa. Sufuria yangu ya uji ameishika, imejaa maji mpaka juu. Amelijaza tangi kwa madebe, jana, kutwa nzima. Aliniita, "Mama, leo hubebi madebe!"

Nikaitazama nguzo. Nikapiga kelele, toka hapo, toka! Kacheka. "Leo Askari ameamka vibaya." Akaweka sufuria chini, akainama kufunga mfereji ili maji yasipotee.

Mawe yalianza. Halafu mbao. Halafu tangi lenyewe.

Watoto walikuwa darasani wote, alhamdulillahi. Barasa ametolewa akiwa hai. Mguu wa kulia sikuweza kuutazama. Maji yalikuja mpaka kwenye viatu vyangu, na mimi bado napiga kelele toka hapo.

Jumapili, 6 Mei

Nimekwenda hospitali saa ya kuwaona wagonjwa. Uji kwenye chupa ya chai, cheti kwenye kanga. Mguu umekatwa chini ya goti. Mama yake alinipisha kiti, akanishukuru kwa kuja. Nilitamani ardhi inimeze.

Barasa alikisoma cheti mara mbili. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Siku ile ya sherehe, maji yalikosa nguvu kweli?"

Nikasema hapana. Niliyamwaga mimi. Na ubovu wa nguzo niliujua tangu siku ile ya mvua, nilipomwambia Mashallah.

Nilitaka anitukane. Ningeshukuru.

"Ungeniambia tu, mama," akasema. "Tungebomoa tujenge tena. Kwani ni kazi?"

Alikunywa nusu kikombe. Nikakiosha, nikakifunika kwa kisahani kando ya kitanda. Muda wa wageni ukaisha. Nimerudi Majengo kwa miguu, polepole. Kesho watoto watataka uji. Nimesuuza madebe mawili, nimeyaweka mlangoni.