Filimbi Mbili Katika Ukungu

Bordesley Green, Jumatano, Novemba 1972

Ukungu haukuinuka leo hata kidogo. Asubuhi niliuona umelala juu ya paa za viwanda, adhuhuri ulikuwa pale pale, na sasa jioni umefika hadi kwenye kioo cha dirisha langu, umetulia kama mgeni asiyetaka kuaga. Mimi ni mtu wa vilima vya Taita, nimekulia katika ukungu. Lakini ule wa kwetu ulinukia majani mabichi. Huu wa huku ugenini unanuka makaa na chuma, na leo umenitia hofu.

Naomba radhi kwa kuanza hivi. Marehemu mke wangu, Mama Wakio, alizoea kunionya nisifungue mazungumzo kwa malalamiko.

Keshokutwa nitalazwa nikatolewe mtoto wa jicho. Jumamosi chuo ninakofanya kazi kina mechi, nami ninayeitwa kocha sitakuwapo. Nasema "ninayeitwa" kwa sababu kazi niliyoajiriwa ni kutunza stoo ya karakana. Mkuu wa chuo alisikia kwamba huko nyumbani niliwahi kufundisha mpira katika shule ya misheni, akaniomba niwashike vijana pale mwalimu wao alipohama. Wachezaji huniita Askofu. Wanasema nikiupiga mpira huuomba radhi.

Nina wasaidizi wawili. Gurdial, Singasinga aliyekuwa fundi wa reli kule Voi, humfundisha kipa na mabeki. Naye tunazungumza Kiswahili, na faraja ninayoipata humo sijapata kuthubutu kumweleza. Bwana Hollis, mwalimu wa michoro ya mashine hapo chuoni, huwafundisha washambuliaji. Wote wawili ni hodari, na wote wanajitolea bila malipo.

Kosa langu ni hili. Kule misheni tulilelewa kwamba mtu hapandishwi cheo mbele ya mwenzake. Unamwita kando, unamwambia kwa sauti ya chini, ili yule aliyekikosa asiaibike. Ni desturi njema, na nimeishi nayo maisha yangu yote. Basi mwanzoni mwa mwezi nilimwita Gurdial stoo, nikamwambia kwamba nikiwa hospitali yeye ndiye atakayekuwa mahali pangu. Siku chache baadaye Bwana Hollis akaja mwenyewe, akaniuliza habari za macho yangu kwa upole mwingi, huku uso wake ukisubiri jambo. Nikashindwa kumwacha aondoke mikono mitupu. Nikamwambia maneno yale yale.

Maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya chini.

Nilijiambia kwamba huko ndiko kugawana mamlaka. Nikampa kila mmoja filimbi yake. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikimtaja Gurdial hadharani, wapo wachezaji watakaonung'unikia kilemba chake. Nikimtaja Hollis, nitakuwa nimewatii wanung'unikaji kabla hawajafumbua kinywa. Nikaona adabu itanivusha.

Leo mchana, uwanjani, ukisimama kwenye goli moja hukuliona la pili. Ningeweza kuahirisha mazoezi. Desmond, kipa wetu, kijana wa miaka ishirini anayeishi na shangazi yake mtaa wa Winson Green, alikuwa golini. Gurdial akapuliza filimbi kusimamisha zoezi ili awapange mabeki upya. Desmond, mtiifu kama siku zote, akaugeuzia uwanja mgongo na kuinama kuokota glavu zake kando ya nguzo. Papo hapo Hollis, kutoka ndani ya ukungu, akapuliza yake kuwaambia washambuliaji wapige.

Nilizisikia filimbi zote mbili. Sikuona kitu. Nikasikia mpira ukipigwa, kisha mlio mwingine, mzito, wa kichwa na nguzo.

Aliinuka mwenyewe. Hata akacheka, akasema nguzo ndiyo iulizwe hali. Sote tukacheka kwa kushukuru.

Katika chumba cha kubadilishia nguo aliuliza Jumamosi tunacheza na nani. Akajibiwa. Alipokuwa akifungua kamba za viatu akauliza tena, wenzake wakamtania kwamba amezeeka kumpita Askofu. Alipouliza mara ya tatu, kwa sauti ile ile ya mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza, hakuna aliyetania.

Gurdial akasema kijana huyu aonwe na daktari, na Jumamosi asicheze. Hollis akasema makipa wote hugongwa, na kwamba Jumamosi mwenye timu ni yeye, naye anampanga. Gurdial akamtazama. Kisha akanitazama mimi. Hollis naye akanitazama. Niliona wakielewa, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa katika nyumba.

Nami nilisema nini? Nilisema nina hakika mabwana hawa wawili wataelewana. Kisha nikaenda kufungia mipira stoo. Niliporudi Desmond alikuwa ameondoka.

Gurdial alinisindikiza hadi kituo cha basi. Hapo ndipo alipozungumza.

"Mzee, nikamwambie nini mke wangu? Ameshawaandikia watu Voi kwamba nimepewa timu."

Nikamwomba radhi.

"Radhi umenipa nyingi, mfuko umejaa," akasema. "Kazi umetugawia, Mzee. Neno umekaa nalo mwenyewe."

Akavua filimbi shingoni, akaiweka katika kiganja changu na kuvifunga vidole vyangu juu yake, kama mtu anavyompa mtoto ujumbe wa kupeleka. Akisikika mmoja, alisema, angalau watajua wamfuate nani. Kwa hofu ya kunyamaza nikamuuliza habari za Desmond. Akajibu kwamba bila shaka Hollis amempeleka kwa gari lake, maana ndiye aliyesema kama mkubwa.

Wakio, binti yangu, ni muuguzi. Aliporudi kutoka zamu nilimsimulia mambo ya leo kama hadithi tu, nikimmiminia chai. Alikuwa anafungua vifungo vya koti. Vidole vikasimama.

"Nani amemfikisha nyumbani?"

Nikasema nadhani ni Bwana Hollis.

"Baba, unadhani?"

Alinieleza kwa utulivu ule wanaoutumia wodini. Mtu aliyegonga kichwa kisha akasahau jibu alilopewa sasa hivi haachwi alale peke yake. Huonwa na daktari saa hiyo hiyo. Akaniuliza anwani ya shangazi. Sikuijua. Gurdial anaujua mlango ule, kwao ni mitaa miwili tu kutoka pale, lakini Gurdial hana simu.

Nikaenda kwenye kibanda cha simu cha pembeni, nikampigia Bwana Hollis. La, hakumpeleka. Kwa kuwa kipa ni wa Gurdial, hakutaka kuingilia. Alimwona akielekea kituo cha basi, akadhani Gurdial yuko nyuma yake. Kila mmoja alimwachia mwenzake kwa heshima. Heshima hiyo wameisoma kwangu.

"Bwana Hollis," nikasema, "kiongozi wa timu ni Gurdial. Ilinipasa nikuambie hivyo mbele yake. Wewe una gari. Mpitie sasa hivi, mwende pamoja kwa kijana. Gurdial akisema hospitali, ni hospitali."

 Akasema anachukua koti.

Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, nilimwamuru mtu na sikumwomba radhi.

Sasa tunangoja. Wakio hajavua koti lake, amesimama dirishani. Tunaishi karibu mno na hospitali, kila gari la wagonjwa hupita hapa, na kwa kawaida hatulisikii tena. Filimbi ya Gurdial iko mezani, karibu na mkono wangu. Kesho, nikijaliwa, nitamvisha mbele ya wachezaji wote, Hollis akiwapo, na atakayenung'unika anung'unikie usoni pangu.

King'ora kimepita sasa hivi na kukata kona kuelekea lango la hospitali. Nyuma yake, karibu sana, taa za gari dogo, huenda ni la Hollis. Wakio ametoka mbio, mlango ameuacha wazi, na ukungu unaingia chumbani.

Ee Mungu, kipi kilitangulia kumfikia Desmond: neno langu, au usingizi?